Aliyelipa

Daftari la Bi Nunu mkunga lina jalada la kitambaa cha suruali,
nalo lanuka karafuu na mafuta ya taa.
Mjukuu wake alinikabidhi pale Kibokoni, akasema: lirudi kama lilivyo.
Basi kila Ijumaa usiku, sahani zikishaoshwa,
natandaza ukurasa mmoja chini ya taa ya mezani,
naupiga picha, kisha nausoma.

Tuko tisa. Hatujaonana.
Mmoja yuko Lamu, mmoja bandarini Kilindini, kazi ya zamu,
mmoja ni bibi wa Zanzibar asiyelala,
hunisahihisha saa nane za usiku:
"Hiyo si kafu, mwanangu, ni fe. Hesabu nukta."
Hakuna alipwaye. Ujira wetu ni jina
litoke kwenye wino, liingie kwenye kioo, likiwa zima.

Herufi hizi nilifunzwa chuoni, kwa fimbo.
Sikujua zingenifaa kwa Kiswahili cha mwanamke
aliyeandika mbio, mkono mmoja haujanawa:
"Mfungo sita, siku ya nane. Mwana mume. Alia vizuri. Shilingi tatu, bado moja."
"Mwana mke. Katanguliza mguu. Mama mzima, alhamdulillahi. Kuku."
Kuku! Nauli ya kuja duniani.

Mwezi uliopita aliniandikia mtu wa Sohari,
Kiswahili chake kimepauka kama leso ya kupangusia:
"Nyanya yangu Zuwena alizaliwa Mji wa Kale,
nyumba ya ngazi za mawe karibu na kisima.
Hakupata kutaja baba yake ni nani.
Nitafutie. Hata ratili alizozaliwa nazo, zatosha."

Nikamkuta ukurasa wa sitini na moja.
"Zuwena. Ratili sita, mizani ya dukani.
Mama: Tatu, wa nyumba ya kisimani.
Baba:"
kisha weupe.
Kalamu imeruka pale kama mtu arukaye dimbwi.
Na chini, kwa herufi ndogo:
"Aliyelipa: Shekuwe fundi saa, Ndia Kuu. Shilingi ishirini. Kasema nisiandike."

Shekuwe fundi saa ni babu yangu.
Kioo chake cha kubana jichoni kimo kabatini mwetu,
na mpaka leo mtu akiwahi miadi
kwetu husemwa: wa Shekuwe huyo.

Nikampigia shangazi Khola. Alinyamaza, nikasikia feni yake.
"Mwanangu," akasema, "funika kombe mwanaharamu apite."
Methali hii nimelishwa pamoja na uji,
ila sikuwahi kuifikiri kwa upande wa mpitaji.
Huyu hapiti, shangazi. Amesimama. Apiga hodi,
na aombacho ni uzito wa mtoto.
"Sitara ni nguo," akasema.
Nikamuuliza: Tatu alijifunika ipi?
Akakata simu, au chaji ilimwishia. Kwetu ni mamoja.

Usiku ule bibi wa Zanzibar aliuliza:
sitini na moja mbona haijaja?
Nikamjibu: nukta zanichanganya.
Nukta zilikuwa wazi kama jua la saa sita.

Bi Nunu aliambiwa asiandike, akaandika,
kwa herufi ndogo, lakini akaandika.
Shilingi ishirini zikaingia mfukoni, neno likaingia daftarini,
kila kimoja mahali pake.
Mimi ni nani nimpunguzie mstari?

Nikaupeleka ukurasa wote, na weupe wake.
Sikueleza kitu. Niliongeza tu:
"Ngazi zipo bado. Ya tatu imemeguka. Ukija, shika ukuta."

Leo siku ya kumi na moja. Hajajibu.
Shangazi naye kaacha mkate wa sinia mlangoni,
kaufunika kawa, hakubisha.
Nami niko ukurasa wa sitini na mbili:
Kuze, mapacha, usiku wa mvua,
"wa pili hakulia mpaka nilipomwita jina."