Unga Hewani

Ya kwanza niliiua mwenyewe.
Niliichomoa kwenye mashine mbovu ya DVD,
ndogo kuliko punje ya mtama,
nikaiunga moja kwa moja na betri tatu za tochi.
Ikawaka. Nikacheka. Nusu sekunde.
Kisha nukta ikalegea, ikawa wekundu mtupu,
kaa lililomwagiwa maji likasahau kuzimika.

Khaukha akasema, haijafa, si bado inang'aa?
Imekufa, nikamwambia.
Mwanga inao. Kilichokatika ni nia.

Kwa maana leza haidanganywi kwa volti;
inakula mkondo, na haijui kushiba.
Ikipata joto inafungua mlango zaidi,
mlango ukifunguka, joto linaingia na ndugu zake.
Wahenga walimwonya mwenye pupa,
ila hawakuwahi kumwona huyu.

Ya pili nikaipimia kama dawa ya mtoto:
resista ya omu kumi,
kidhibiti cha miguu mitatu,
kapasita ya kumeza mishtuko ya umeme wa Namakwekwe
unaoondoka bila kuaga na kurudi kwa kishindo.
Miliamperi mia na ishirini na tano, basi.
Mgongoni nikaibandika alumini
niliyoikata kwenye mfuniko wa sufuria ya mama
(bado anautafuta).

Tukaziba dirisha kwa gunia. Nikabonyeza.
Ukutani, nukta, nyekundu kama buni iliyoiva.
Kati ya meza na ukuta, hakuna kitu.
"Macho!" nikamkemea Khaukha, "geuza macho kule!"
Akageuka, akauliza akiwa ametupa kisogo:
"Sasa inapita wapi?"
Hapo hapo ulipokuwa ukiangalia.
Mwanga unaokwenda zake hauji jichoni.
Huuoni mpaka ukwame.

Saa kumi, mashine ya Nandudu jirani ikaanza kusaga.
Unga wa mahindi ukapenya upenyo wa mabati
na mstari ukajitokeza,
uzi umevutwa toka meza hadi ukutani,
umenyooka kuliko kitu chochote katika nyumba ile,
chembe zikiingia, zikiwaka, zikitoka gizani tena
bila kujua kwamba zimeonekana.

Tulikuwa tunapiga makofi
Nandudu alipoingia kudai shilingi zake elfu sita,
mweupe hadi kwenye kope.
Akasahau deni.
Akanyoosha kidole karibu na uzi, hakuugusa.
"Huo ni unga wangu?"
Ni wako, mama.
"Na hapa ni kwenu. Ukuta wa pili."
Ndiyo.
"Miaka kumi na minane nauvuta," akasema,
"leo ndio naonyeshwa."

Akakohoa. Unga ukayumba, ukazunguka,
lakini mstari haukupinda hata unywele.

Tukanyamaza, sote watatu, tukipumua kidogo kidogo
kama watu waliokuta mtoto amelala.
Kisha nikazima,
na chumba kikawa safi tena,
kwa macho tu.