Mihuri Minne

Khatmat Malaha, saa tatu asubuhi,
lami imeshaanza kunuka.
Afisa anaizunguka pikipiki yangu
kama mnunuzi wa mbuzi mnadani Nizwa:
anabonyeza tairi, anainama,
anataka namba ya fremu.

Namba iko shingoni, chini ya usukani,
imegandwa na vumbi la Saham.
Naifuta kwa ncha ya mtandio.
Anasoma tarakimu moja moja, kwa sauti,
kisha: "Ya mumeo?"

Yangu. Kadi ina jina langu,
Ghaniya binti Mbarak.
Nimeilipa miezi thelathini na mmoja
kwa mshahara wa maabara.

"Unakwenda wapi?"
Khasab.
"Khasab si Omani?"
Ni Omani. Natoka kwetu nakwenda kwetu,
katikati kuna nchi ya watu.

Anacheka kidogo, puani.
Kadi ya bima, ile ya rangi ya chungwa,
anaigeuza mbele na nyuma. Anagonga.
Mihuri minne ya kwenda, minne ya kurudi.

Mama ameshapiga simu mara mbili toka Ruwi.
Yeye alivuka mara moja tu,
Unguja hadi Maskati, hana hata karatasi,
kaka yangu yumo tumboni,
na hadi leo ukimwuliza kwao wapi
hukuuliza kwanza: nani anauliza?

Kizuizi kinainuka.
Sikufunga zipu ya begi;
risiti ya petroli inachomoka,
inapeperuka kurudi upande wa Omani
bila ya muhuri.