Meza ya Watu Wanane

Wambede, nimeirudisha meza yako.
Ipo nje kwenye pikapu, miguu juu
kama mbuzi aliyefungwa kupelekwa mnadani,
na dereva anahesabu dakika zake kwa honi.

Usiniulize ina kasoro gani.
Nimeitafuta kasoro siku tisa, usiku kwa tochi,
nikapapasa kila kiungo, kila ncha,
nikatamani msumari mmoja uliochomoza,
tundu la dumuzi, ufa mwembamba kama unywele,
nipate neno la kusimamia.
Mvule wako mkavu. Vanishi haina doa.
Umeninyima hata ushahidi.

Risiti ninayo. Chini pale, kwa wino mwekundu:
MALI IKISHAUZWA HAIRUDI.
Nilimwendea mtoto wa kaka yangu, Khaukha, asomaye sheria.
Akaniambia: shangazi, ukiuziwa kibovu, utasikilizwa;
ukiletewa kisicho ulichoagiza, utasikilizwa;
lakini nia ikigeuka, kesi hiyo
mshtaki ni wewe, mshtakiwa ni wewe,
na shahidi ni meza.

Basi sikuja kudai.
Nimekuja kuomba, na ombi halina risiti.

Unakumbuka siku ile? Watoto walisema watakuja Krismasi,
wa Entebe na mkewe, mapacha wa Lira,
na yule wa Dubai aliyeapa kwa jina la baba yake.
Nikahesabu vidole, nikakwambia: wanane.
Ulivuta futi yako, ukaniuliza mara mbili:
biashara haigombi, mama, lakini chumba chako kitaimeza?
Kitaimeza, nikasema.

Meza ndiyo iliyokimeza chumba.
Krismasi ilipita na simu nne.
Nilipika malewa ya kutosha ukoo,
nikala upande mmoja,
viti saba vikinitazama
kama wageni wanaomngoja mwenye nyumba aseme neno.
Kwenda jikoni sasa napita kwa ubavu,
ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa ubavu.

*

Alinyamaza. Alifuta jasho kwa kola.
Nyuma yake Wanale ulikuwa umejifunika ukungu
na vitanda vya watu wengine vimepangwa barabarani.
"Fedha yako," akasema, "imeshakuwa karo.
Hivi sasa imevaa sare, iko darasani."

Akaishusha meza, akaipiga kofi mgongoni
kama mtu anayemuuza ng'ombe aliyemlea.
Kisha akachukua msumeno.

Sikupiga kelele.
Sheria haikuwapo pale, wala Khaukha;
ulikuwapo unga wa mvule ukianguka
juu ya ndala zangu, ungali na joto.

Nimerudi Namakwekwe na meza ya watu wawili.
Kipande kingine, anasema, kitapata mtu wake.
Viti sita vimebaki kwake. Vikiuzwa, atanilipa.
Ameandika hivyo, na sahihi ameweka,
nyuma ya risiti ileile,
kwa penseli ya seremala,
ile inayofutika.