Stakabadhi ya Farasi Mmoja

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.
Kwetu ilikuwa haijalia bado.
Bunge kule Wellington lilisimama wima,
likanyoosha mkono kama mtoto wa dawati la mbele
ambaye mwalimu hajamuuliza swali:
Sisi! Tuchukue sisi!
Chai ya Malkia ilikuwa haijapoa.

Huku Maniototo habari ilikuja na gari la barua,
Jumatatu, siku ya kufua.
Baba alilisoma gazeti lote akiwa amesimama,
mguu mmoja ndani ya buti, mwingine nje,
kisha akauliza, si mimi, si Mama, akaiuliza meza:
Transvaal iko upande gani?
Mama akasema: Upande usio na kondoo wetu.

Mji ukachanga.
Muuza nyama, paundi mbili.
Wajane wa kanisa la juu, soksi arobaini na moja
(ya arobaini na mbili hakuna aliyeiulizia).
Bwana Pringle, mwalimu, hakuwa na kitu, akachanga beti.
Alipanda juu ya kreti la tufaha, akakohoa:

    Ewe Mama wa bahari,
    wanao tuko tayari,
    hatujali ya hatari,
    tutakufa kwa furaha.

    Simba jike anguruma,
    wana hatubaki nyuma,
    tuna farasi na chuma,
    tuna mioyo ya siha.

Tutakufa, alisema. Miaka hamsini na tisa, na goti bovu.
Tukapiga makofi hadi taa zikayumba.

Asubuhi ya usajili alikuja Rāniera, mkata manyoya,
juu ya farasi asiye na tandiko.
Aliruka ua wa posta, kofia isitikisike.
Kapteni alifika nusu ya jina lake, akalikata kwa wino.
Akasema kwa upole, kama anayemrudishia mtu mwavuli wake:
London wanasema vita hivi ni vya weupe kwa weupe.
Rāniera alimtazama kitambo.
Basi wakapigane, alisema, juu ya ardhi ya weupe.
Akarudi bandani. Kondoo mia na saba siku ile,
hakuna aliyetoka damu.

Walter, kaka yangu, hakuruka ua. Alizunguka langoni.
Wakamchukua.
Lakini walichokuja kutaka hasa ni Uji.

Uji, farasi jike wa Baba,
rangi ya shayiri iliyochemka;
jina nilimpa mimi, nikiwa na miaka sita na njaa.
Baba alimpaka kwato mafuta, akamtoa bure.
Serikali haipokei bure bila karatasi:
Imepokea farasi, jike, mmoja. Hali: nzuri.
Kwa Walter hatukupewa stakabadhi.

Miezi kumi na mitano.
Kisha bendi, matao ya majani, keki ya orofa tatu.
Walter alishuka kwenye gari-moshi akiwa mzima,
vidole kumi, Mama alivihesabu.
Farasi hawaruhusiwi kurudi, alisema,
na hakuongeza neno hadi Jumapili.

Shuleni Bwana Pringle alimsimamisha mbele ya watoto:
Tuambie ulivyomtumikia Mama wa bahari.
Walter alisema:
Tulichoma nyumba. Zilikuwa na mapazia kama ya kwetu.
Akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni.
Bwana Pringle alipiga makofi mara tatu, peke yake.

Baba aliitoa ile karatasi ndani ya Biblia
akaenda nayo posta.
Karani akaisoma pande zote mbili.
Iko sawa, alisema. Ina mhuri.
Baba akashukuru, sijui kwa nini, akarudi nayo nyumbani.

Asubuhi Mama bado hupika shayiri, bado hukoroga kwa mwiko uleule.
Ila mezani kwetu kitu kile hakina jina tena.
Tunasema: nisogezee hicho.
Walter humaliza wa kwanza,
huchukua ndoo, hutoka, huijaza nafaka,
na mimi huingoja isimame kidogo pale zizini,
ndipo niende kuimwagia kuku.