Udongo Juu ya Kichwa

Nilimtandikia mchoro juu ya jamvi, Limbani, Wete,
nikaubana pembe kwa vikombe vinne vya kahawa:
ghorofa tatu, kila moja imerudi nyuma hatua mbili
ili ya chini ipate kofia na ya juu ipate uwanja,
na juu kabisa, pahala pa bati,
kijani.

Bi Kidawa akainama, miwani puani.
"Hiki n'nini?"
Nikasema ni majani. Paa litaota majani.
Akanyamaza kama anayemalizia tasbihi.
"Majani humwotea mtu juu mara moja tu, mwanangu,
na hapo huwa keshaoshwa."

Chuoni sikufundishwa jibu la hilo.
Nilifundishwa uzito: udongo mkavu, udongo uliolowa,
jua la saa tisa lipigavyo ukuta wa magharibi
na ukuta unavyoliweka, ukalirudisha usiku, chumbani.
Nikamweleza joto. Akanieleza safari:
"Nimezaliwa chini ya makuti. Nimeolewa chini ya bati.
Karafuu za miaka thelathini zimenipandisha hadi kwenye zege.
Na wewe, na shahada yako, unanirudisha kwenye nyasi?"

Aliyeniokoa ni fundi Faki Kombo, bila kukusudia.
"Na karafuu utaanika wapi? Barabarani
kama mwaka juzi, zikasagwa na pikipiki?"
Akachomoa penseli sikioni, akalikata paa langu:
kusini sakafu ya majamvi, kaskazini udongo.
Mstari wake ulipinda.
Nimeujenga hivyo hivyo, umepinda.

Tukapanga matabaka kama wanaotandika kitanda cha mgonjwa:
lami, turubai zito, kokoto,
makumbi yaliyochambuliwa na wanawake wa Gando,
udongo mwekundu shibiri moja,
na juu yake makonyo,
yakanukia mpaka watu wakauliza nani anapika nini.
Nyasi alizikataa katakata. Alichagua mwenyewe:
mrehani, kisutu, mchicha ("kisicholiwa kitalipa nini?"),
na asumini ya kuteremka nje, ghorofa hadi ghorofa.
Ukuta nikauacha mweupe, chokaa tupu,
ili asumini iwe na pa kuandikia.

Masika ya kwanza paa lilikunywa siku mbili,
la tatu likatapika.
Beseni chini ya dari, beseni kitandani,
na mimi mlangoni na viatu mkononi.
Mtaani wakasema: nyumba ya Bi Kidawa inaota.
Mmea au ndoto, sikuthubutu kuuliza.
Faki alitia mkono kwenye bomba hadi begani,
akavuta, akavuta, akatoa fumba la makumbi
na kunikabidhi kimya, kama mkunga.
Nilikuwa nimesahau wavu.
Kitambaa cha shilingi elfu mbili.
Afadhali angenitukana.

Miezi ikapita asinipigie.
Nilipopita Limbani nilitazama juu kama mwizi:
kijani kimeshika ukingo, kinaning'inia,
kanga zinakauka katikati ya mrehani,
na upande wa pili wa ule mstari uliopinda
karafuu zimelala, nyekundu zikienda kwenye weusi,
zinageuzwa kwa wayo wa mtu nisiyemwona.

Kisha kaskazi ikakaza, mwezi wa pili,
zile siku ambazo hata shuka ni adui.
Simu ikalia kabla ya adhana.
"Jana sikuwasha feni," akasema.
Nikasikia ndoo ikiburutwa, jogoo, pumzi yake.
Nilidhani simu imekatika.
"Nimelala chini ya udongo, mwanangu,
na nimeamka."

Nikatafuta neno la kusema, nisilipate.
"Haya, njoo na Faki, na mkasi.
Asumini yako imeziba dirisha la mpangaji wa chini,
anataka nimpunguzie kodi."