Mfua Jezi

Namjua Emmett Sadowski kwa madoa.
Wengine wana takwimu: mabao sabini na moja, klabu sita,
misimu kumi na mitatu, goti la kushoto lililopasuliwa mara tatu.
Mimi nina ndoo, brashi, sabuni ya mche,
na chumba kisicho na dirisha chini ya jukwaa la mashariki, Rochester,
ambako mashine nne hunguruma kama majirani wasiosalimiana.

Alitoka Toledo akiwa na miaka ishirini na miwili,
mwembamba kama fito.
Jezi yake ya kwanza ilirudi safi:
dakika tisini benchini, hata kwapa halikulowa,
ilinukia maganda ya machungwa tu.
Akasimama mlangoni. "Bi Ofelia, hii usiipotezee maji."
Nikamwambia, mpira unadunda,
kesho utaniletea tope.

Aprili theluji iliyeyuka, akaniletea tope.
Kisha majani, kijani kile kisichotoka ila kwa siki.
Kisha chokaa ya eneo la hatari, begani, mgongoni, mpaka kolani,
maana hakuwa mtu wa mashuti ya mbali
wala wa kupangua mabeki wanne kwa chenga.
Alifunga kwa paja, kwa nyonga, mara moja kwa sikio,
akianguka, akisukumwa,
kama mtu aliyejikwaa ngazini gizani
mkono ukaangukia kitasa,
na mlango ukafunguka.

Miaka miwili tulicheza uwanja wa kuazima
kwa watu wa mpira wa yai.
Mistari yao ya njano haikufutwa, namba zao zimelala chini,
naye akikata mbio juu ya arobaini, thelathini, ishirini
kama anayehesabu deni la mtu mwingine.
Watazamaji mia nane, mbwa mmoja.
Baba yake, fundi wa kiwanda cha vioo,
aliendesha gari saa sita kuja kuuliza
mbona wachezaji hawaruhusiwi kudaka.
Siku hiyo Emmett alicheka na nyavu mara mbili.
La pili mzee hakuliona,
alikuwa kwenye foleni ya soseji.

Timu ya taifa ilimwita mara moja.
Dakika saba, ugenini, mvua.
Aligusa mpira mara mbili, mmoja ukatoka nje.
Jezi ile haikupita mikononi mwangu.
Nasikia iko ndani ya fremu, kwa mama yake,
haijaona maji hadi leo,
na chumvi imechora mstari mweupe shingoni.

Goti halitoi doa.
Hilo ndilo linaloniudhi.
Damu ningeiloweka kwenye maji baridi, ningejua.
Lakini usiku ule kutoka Columbus kapu lilifika,
nikaikuta namba kumi na tisa karibu nyeupe,
nikadhani kocha kampumzisha,
nikafurahi, Mungu anisamehe,
nikaimaliza haraka nikaenda kulala.

Redio ilisema ametundika daluga.
Hakutundika kitu.
Aliziacha ndani ya kapu langu, chini ya taulo,
meno yamejaa udongo mkavu wa Columbus,
bila barua.
Nimeziweka juu ya mashine ya tatu.
Ikianza kukamua, zinatembea zenyewe
hadi ukingoni. Nazirudisha.

Siku hizi anakagua lifti Toledo,
kutwa anapanda na kushuka bila kukunja mguu.
Alipita Novemba na binti yake, mrefu, ana tarumbeta mgongoni,
mpira haujui wala hautaki.
Mtoto akazungusha macho chumbani,
mabomba, ndoo, mvuke,
akauliza, "Baba, hapa ulikuwa nani?"

Emmett akaniangalia mimi.
Kule nje walikuwa wanakata nyasi.

"Huyu?" nikasema.
"Huyu ndiye aliyenimalizia siki."