Chapa

Tamko la wizara lilisomwa saa tano usiku:
mpaka umefungwa, balozi arejee kwao.
Kulipokucha, ngamia mia tatu wa Hizam
walikuwa upande wa pili, wakicheua,
na shingoni chapa ya ukoo, duara na fimbo mbili,
iliyochomwa kabla ramani haijachorwa.

Mlinzi kijana akauliza, "Hawa wa nchi gani?"
Hizam alicheka hadi akakohoa.
"Kamuulize babu yako. Yeye na wangu
walinyonya ziwa moja."

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Huku hatuna cha kulima. Tuna waya.

Wadha alijifungua wiki ileile.
Mama yake, kilomita kumi na nne kutoka pale,
alimwona mjukuu kwenye simu,
akambusu kioo.

Mji mkuu, waziri alihutubia: mamlaka, heshima, usalama.
Usiku, katibu akishaondoka,
alimpigia mjomba wake ng'ambo ya waya.
Hawakutaja gesi.
Waliulizana habari za mgonjwa, za mvua iliyokawia,
kisha mjomba akasema taratibu:
"Mmewavua uraia wana wa shangazi yako.
Unadhani huku hatuhesabu?"
Waziri alisikia kahawa ikimiminwa kule,
kikombe ambacho hakukaribishwa.

Wiki ya tatu lango likafunguliwa, robo tu.
Magazeti yakasifu diplomasia.
Ngamia walipita mia mbili themanini na mmoja.
Hizam hakumuuliza mtu.
Alihesabu tena, akaketi mchangani,
akafunga kwenye kamba
mafundo kumi na tisa.